Pale i5 inapoishinda i7: jinsi ya kulinganisha prosesa mbili za laptopu

Muulize mtu yeyote anayetafuta laptopu ni ipi yenye nguvu zaidi kati ya i5 na i7, naye atakujibu kabla hujamaliza swali: i7. Saba ni kubwa kuliko tano, basi. Wauzaji hulirudia jibu hilo, wanunuzi huongeza fedha kwa ajili yake, na mara nyingi halina ukweli.

Chukua prosesa mbili za Intel. Moja ni Core i7-7500U ya mwaka 2016. Nyingine ni Core i5-8250U, iliyotoka mwaka mmoja baadaye. Zote ziliwekwa kwenye laptopu nyembamba za kazi za kawaida, na hadi leo mashine zenye prosesa hizi zinauzwa zikiwa zimetumika. Zipe kazi nzito, tuseme kubadilisha video ndefu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na i5 itamaliza mbele ya i7 kwa tofauti ambayo huhitaji saa kuitambua. Aliyelipa zaidi kwa sababu ya ile namba 7 ndiye aliyeondoka na mashine dhaifu.

Mkanganyiko huu unaumiza zaidi sasa kwa sababu watu wengi wanabadilisha mashine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai prosesa mpya kiasi. Kwa upande wa Intel, orodha rasmi inaanzia kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana za kizazi cha saba. Katika jozi yetu, i5-8250U imo kwenye orodha hiyo, i7-7500U haimo. Mtu anaweza kununua i7 leo akiamini amepiga hatua, kumbe amechukua mashine ambayo Windows 11 haiikubali rasmi.

Ili kuelewa kwa nini mambo yako hivi, inatubidi tuangalie kwanza prosesa hufanya nini, kisha ndipo majina na namba zitaanza kuwa na maana.

Kinachofanyika ndani

Kila unachokifanya kwenye kompyuta, kuanzia kubonyeza herufi moja hadi kufungua picha, huvunjwa kuwa maagizo madogo mno: jumlisha hizi, linganisha zile, chukua hiki ukiweke pale. Prosesa ndiyo inayotekeleza maagizo hayo. Swali la nguvu ya prosesa, kwa hiyo, ni swali la maagizo mangapi inayamaliza kwa sekunde moja, tena katika kazi ipi.

Fikiria karakana ya ushonaji. Fundi mmoja aliyeketi nyuma ya cherehani yake ni kiini kimoja cha prosesa. Prosesa za leo zina viini kadhaa, yaani mafundi kadhaa chini ya paa moja. Gurudumu la cherehani likizunguka mara moja, hilo ni pigo moja la saa ya prosesa, na kasi ya gurudumu ndiyo inayopimwa kwa gigahezi. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Ila cherehani nyingine ina sindano mbili: gurudumu linazunguka mara moja, mistari miwili inashonwa. Hicho ni kipimo kingine kabisa, kiasi cha kazi kinachokamilika katika kila pigo, na ndicho kipimo ambacho hutakikuta kwenye boksi wala kwenye tangazo.

Kando ya fundi kuna meza ndogo yenye vifungo, nyuzi na vipande vya kitambaa anavyovihitaji muda huu. Hiyo ni kumbukumbu ya karibu, iliyojengwa ndani ya prosesa yenyewe na kupimwa kwa megabaiti chache. Akikosa kitu mezani, inabidi ainuke kwenda stoo, ambayo ni RAM, yaani kumbukumbu kuu ya kompyuta iliyo nje ya prosesa. Muda wote anaotembea, gurudumu linazunguka bila kushona chochote. Meza ikiwa pana, safari za stoo hupungua.

Kuna na jambo la nyuzi za prosesa, si zile za mezani, ambalo huwachanganya wengi wanaposoma kwamba prosesa ina "viini 4 na nyuzi 8". Hapo fundi mmoja amepewa nguo mbili kwa wakati mmoja. Anaposubiri kifungo cha nguo ya kwanza kiletwe, anaendelea na ya pili. Anamaliza mapema kuliko angeshughulikia moja baada ya nyingine, lakini hajageuka kuwa mafundi wawili. Nyuzi 8 juu ya viini 4 huongeza kazi kwa kiasi fulani tu. Anayekuambia kwamba hiyo ni sawa na prosesa ya viini 8 anakupotosha, hata kama hakukusudia.

Gigahezi peke yake haikuambii kitu

Hili linastahili kukaliwa, kwa sababu ndilo kosa lililodumu muda mrefu kuliko yote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Intel iliuza Pentium 4 kwa kujivunia gigahezi. Prosesa hiyo ilibuniwa makusudi ili ipige haraka sana, hata kama kila pigo lilikamilisha kazi kidogo. Ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004, na toleo la gigahezi 4 lililokuwa limetangazwa likafutwa mwaka huohuo kabla halijatoka. Kuongeza kasi kulikuwa kumegeuka kuwa kuongeza joto. Wakati huohuo, kampuni hiyohiyo ilikuwa na prosesa nyingine iliyobuniwa kwa ajili ya laptopu, Pentium M ya mwaka 2003. Ilikuwa na gigahezi chache, lakini ilifanya kazi nyingi katika kila pigo, na Pentium M ya gigahezi 1.6 ilishindana bega kwa bega na Pentium 4 zilizopiga zaidi ya gigahezi 2, huku ikila umeme kidogo zaidi. Prosesa za Core tunazozijua leo ni za ukoo wa Pentium M. Njia ya Pentium 4 iliachwa.

Kwa hiyo gigahezi hulinganishwa tu pale ambapo viini vya prosesa zote mbili vina muundo mmoja. Nje ya hapo, gigahezi 3.4 za mwaka mmoja na gigahezi 3.4 za mwaka mwingine zinafanana kwa jina tu.

Kuna matangazo yanayojumlisha: "gigahezi 1.6 mara viini 4, sawa na 6.4." Hesabu hiyo si sahihi. Mafundi wanne hawashoni mkono mmoja wa shati mara nne upesi zaidi. Kila mmoja ana kasi yake, na kuongeza fundi husaidia tu pale ambapo kazi inagawanyika.

Tena kila prosesa ya laptopu ina kasi mbili, si moja. i5-8250U ina kasi ya msingi ya gigahezi 1.6 na kasi ya juu ya gigahezi 3.4. Ya msingi ni ile ambayo mtengenezaji anaiahidi pale viini vyote vinapofanya kazi nzito kwa muda mrefu ndani ya kiwango cha umeme kilichopangwa. Ya juu hufikiwa kwa muda mfupi, au pale ambapo kiini kimoja au viwili tu ndivyo vinavyohangaika. Wengi huona "1.6" kwenye kibandiko na kuikimbia, wakaenda kwa i7-7500U iliyoandikwa "2.7". Namba zote mbili ni za kweli. Zinajibu swali ambalo mnunuzi hakuliuliza.

Jozi yetu, hatua kwa hatua

i7-7500U ina viini 2, nyuzi 4, kasi ya msingi gigahezi 2.7, ya juu 3.5, na kumbukumbu ya karibu yenye megabaiti 4. i5-8250U ina viini 4, nyuzi 8, msingi 1.6, juu 3.4, kumbukumbu ya karibu yenye megabaiti 6. Zote zimepangiwa wati 15. Na hili ndilo linaloifanya jozi hii kuwa somo zuri kuliko nyingine: viini vyake vina muundo uleule. Kazi kwa kila pigo ni ileile. Tofauti kubwa inayobaki ni idadi ya viini na kasi.

Anza na kazi inayotumia kiini kimoja, kama kufungua ukurasa wa tovuti au kukokotoa fomula ndefu kwenye jedwali. Hapo zinapambana 3.5 dhidi ya 3.4. Tofauti haifiki asilimia 3, na hakuna binadamu anayeweza kuihisi kwa vidole vyake. i7 inaongoza kwa unywele.

Sasa weka kazi inayogawanyika. i5 ina viini vinne vya kuigawia, i7 ina viwili. Lakini mbona zote zina wati 15 zilezile? Viini vinne havitalazimika kujibana kuliko viwili? Vitajibana, ndiyo, na bado vitashinda, kwa sababu matumizi ya umeme hayapandi sambamba na kasi. Ili kiini kipige haraka zaidi lazima kiongezewe volteji, na umeme unaoliwa hupanda kwa mraba wa volteji hiyo, kisha ukazidishwa na kasi. Ukipandisha kasi kwa asilimia 20 na volteji nayo ikapanda kwa asilimia 20, umeme unaoliwa huongezeka kwa takriban asilimia 73. Ukienda kinyume, ukapunguza kasi kidogo, unaokoa umeme mwingi. Ndiyo maana viini vinne vinavyopiga polepole hutoa kazi nyingi kutoka wati 15 kuliko viini viwili vinavyokimbia. Kanuni hii ndiyo iliyoongoza muundo wa karibu kila prosesa ya laptopu tangu wakati huo, na ukiishika vizuri, nusu ya maajabu ya soko hili yanakwisha.

Ila kuongeza viini kuna mpaka wake, na mpaka huo uliandikwa mapema. Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alionyesha kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoamua mwisho wa faida. Chukua kazi ya dakika 60 ambayo dakika 45 zake zinagawanyika na 15 hazigawanyiki. Ukiwa na viini 2 utamaliza kwa dakika 37 na nusu. Viini 4, kama dakika 26. Viini 8, karibu dakika 21. Leta viini elfu moja ukitaka, hutashuka chini ya dakika 15. Kubadilisha mfumo wa video hugawanyika vizuri sana, kadhalika kutengeneza picha za pande tatu au kukusanya programu kubwa kutoka kwenye msimbo wake. Kuandika barua, kusoma habari kwenye kivinjari na kuongea kwa video havihitaji jeshi la viini.

Jina linasema nini, na linanyamazia nini

Alama za i3, i5 na i7 ni za daraja ndani ya familia moja ya mwaka mmoja, na hata humo si mara zote. Mfano mkali kuliko wote ninaoujua uko ndani ya kizazi kimoja, cha saba. Core i7-7Y75 imepangiwa wati 4.5. Core i5-7300HQ imepangiwa wati 45. Mara kumi! Ile i7 ina viini 2 na imekusudiwa vifaa vyembamba visivyo na feni. I5 ina viini 4 na imekusudiwa mashine nene za kazi nzito. Kuzilinganisha kwa kutazama 7 na 5 ni kutazama mahali pasipo na jibu.

Jibu liko kwenye herufi. Kwa Intel, Y ilikuwa ya umeme mdogo kabisa, U ya laptopu nyembamba za kawaida, na H ya mashine zenye nguvu. Kwa AMD nako, kampuni inayoshindana na Intel, U na H zina maana inayokaribiana na hiyo. Namba za mwanzo baada ya kistari kwenye prosesa za Intel za mtindo huu ni kizazi: 8 katika 8250U ni cha nane, 12 katika 1240P ni cha kumi na mbili.

AMD nayo ina mitego yake, na kuna mmoja ambao nasikitika kuona unavyowanasa watu. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 5625U. Zote ni Ryzen 5, zote zimepangiwa wati 15, zote zinafika gigahezi 4.3. Mnunuzi anaona 7520 ni kubwa kuliko 5625 na ni ya baadaye, anachagua hiyo. Lakini katika mtindo wa majina ulioanza na namba 7000, AMD ilieleza kwamba tarakimu ya kwanza inahusu mwaka wa bidhaa, na muundo wa viini unasomwa kwenye tarakimu ya tatu. Katika 7520U tarakimu hiyo ni 2, yaani muundo wa Zen 2, uliotoka mwaka 2019. Ina viini 4 na kumbukumbu ya karibu yenye megabaiti 4. Ile 5625U, iliyofuata mtindo wa zamani wa majina, ina viini 6 vya Zen 3 na megabaiti 16. Kwa haki, 7520U inatumia RAM ya aina mpya zaidi. Katika kazi za prosesa, hata hivyo, 5625U iko mbele waziwazi, na hakuna kitu kwenye kibandiko kitakachokuambia hivyo.

Kuanzia kizazi cha kumi na mbili cha Intel, hata kuhesabu viini kumekuwa kugumu, kwa kuwa ndani ya prosesa moja kuna viini vya aina mbili: vikubwa vya nguvu, na vidogo vinavyobana umeme. Core i7-1255U ina viini 10, ila viwili tu ndivyo vikubwa. Core i5-1240P ina viini 12, vinne vikiwa vikubwa, na imepangiwa wati 28 badala ya 15. Kwa mara nyingine, i5 ndiyo yenye misuli katika kazi nzito, na i7 ndiyo inayofaa zaidi mashine nyembamba. Ukiambiwa "ina viini kumi", uliza: vikubwa vingapi?

Kuhusu nanomita, namba nyingine inayotajwa kwenye sifa za prosesa, nitasema kwa ufupi. Zamani namba hiyo ilihusiana na ukubwa halisi wa sehemu za chipu. Siku hizi ni jina la teknolojia ya kiwanda tu. Mwaka 2021 Intel ilibadilisha majina ya teknolojia zake, na iliyokuwa ya familia ya nanomita 10 ikaitwa Intel 7, bila chochote ndani yake kusinyaa siku hiyo. Usiinunue prosesa kwa nanomita zake.

Prosesa moja, mashine mbili, matokeo mawili

Hapa ndipo hata wajuzi huteleza. Unaweza kusoma kila kitu kuhusu prosesa, ukaijua hadi herufi ya mwisho, na bado usijue laptopu yenyewe itakuwaje. Prosesa hupunguza kasi ikipata joto kupita kiasi, na joto linategemea mwili wa mashine: unene wake, feni zake, vyuma vya kupitishia joto, vumbi lililojaa ndani baada ya miaka mitatu. Juu ya hapo, mtengenezaji wa laptopu ana uhuru wa kuamua ataipa prosesa umeme kiasi gani. i5-8250U ya wati 15 inaruhusiwa kushushwa hadi wati 10 au kupandishwa hadi 25.

Ushahidi mzuri ulitolewa na Apple mwezi Novemba 2020, ilipotoa chipu ya M1 kwa mara ya kwanza. Iliiweka kwenye MacBook Air isiyo na feni na kwenye MacBook Pro ya inchi 13 yenye feni. Viini ni vilevile 8, vinne vya nguvu na vinne vya kubana umeme. Katika kazi za dakika chache huwezi kuzitofautisha. Kazi ikiendelea kwa muda mrefu, Air inaanza kupunguza mwendo ili isichemke, na Pro inaendelea kama ilivyoanza.

Chaja nayo ina sehemu yake. Laptopu nyingi za Windows hushusha umeme wa prosesa zinapokuwa kwenye betri. Ukilinganisha mashine mbili, moja ikiwa imechomekwa na nyingine haijachomekwa, ujue umelinganisha chaja.

Kusoma alama za majaribio

Kwa kuwa majina hayatoshi na namba za kibandiko hazitoshi, tunabaki na majaribio: programu zinazoipa prosesa kazi ileile na kuhesabu alama. Mbili zinazotajwa sana ni Geekbench na Cinebench. Zote hutoa alama mbili, ya kiini kimoja na ya viini vyote, na huo mgawanyo ndio kitu cha thamani kuliko vyote ndani yake. Alama ya kiini kimoja inakuambia mashine itaitika upesi kiasi gani katika matumizi ya kila siku. Ya viini vyote inakuambia itabeba mzigo mkubwa kiasi gani. Mtu anayekuonyesha moja na kuificha nyingine ana sababu.

Majaribio haya hayapimi kitu kimoja. Geekbench hukimbiza kazi fupi fupi za aina nyingi, kwa hiyo mara nyingi prosesa haijapata nafasi ya kuchoka. Cinebench R23 hutengeneza picha ya pande tatu, na kwa kawaida hurudia kwa dakika 10 mfululizo, muda wa kutosha kwa joto kupanda na udhaifu wa feni kujitokeza. Mimi nikitaka kujua laptopu nyembamba itavumilia kazi ndefu, naiamini zaidi ile ya dakika 10.

Alama za matoleo tofauti hazichanganywi. Geekbench 6 imepangwa ili Core i7-12700 ya kompyuta ya mezani ipate alama 2500 za kiini kimoja. Geekbench 5 ilikuwa na mizani yake. Alama ya R23 na ile ya Cinebench 2024 haziwezi kuwekwa kwenye jedwali moja. Nimeona mabishano marefu yaliyosimama juu ya kosa hili tu.

Kisha kuna suala la ukubwa wa tofauti. Prosesa moja ikipata 2400 na nyingine 2500, ya pili inaonekana kwenye jedwali kama mshindi. Igeuze iwe muda: kazi iliyochukua dakika 10 sasa itachukua dakika 9 na sekunde 36. Je, unaongeza fedha kwa sekunde 24? Wengine watasema ndiyo, kama kazi hiyo wanaifanya siku nzima. Wengi wetu hatufanyi hivyo.

Pale ambapo prosesa haina kosa

Laptopu inayochukua dakika nzima kuwaka, au inayoganda kila unapofungua kivinjari, mara nyingi haiteswi na prosesa. Ina diski ya zamani inayozunguka badala ya SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka, au RAM imejaa na mfumo umeanza kuhamishia vitu kwenye diski. Kubadilisha i5 kwa i7 hapo hakutaponya kitu.

RAM ina siri nyingine. Prosesa nyingi za laptopu husoma kupitia chaneli mbili; mashine ikiwekewa kijiti kimoja tu, njia ya data hupungua kwa nusu. Anayeumia zaidi ni sehemu ya michoro iliyo ndani ya prosesa, ambayo haina kumbukumbu yake yenyewe na hutegemea RAM. Prosesa za Intel za kizazi cha 11 hadi 13 huonyesha jambo hili kwa uwazi: zenye michoro ya Iris Xe hujitambulisha kama UHD, jina la michoro ya daraja la chini, pale RAM inapokuwa ya chaneli moja. Watu wawili wanaweza kuwa na i5 ileile, mmoja akafurahia mchezo na mwingine akakwama.

Na kama moja kati ya prosesa mbili ni ya Arm, yaani ya muundo wa maagizo tofauti na ule wa Intel na AMD, kama Snapdragon X Elite iliyoingia kwenye laptopu za Windows mwaka 2024, ulinganisho unapata swali la ziada: programu zako zimetengenezwa kwa ajili yake? Zilizotengenezwa kwa Intel na AMD zitatafsiriwa zikiwa zinaendeshwa, na tafsiri ina gharama yake katika kasi. Viendeshi vya vifaa, kama printa ya zamani au kifaa maalumu cha maabara, havitafsiriwi kabisa.

Ukiwa na mashine mbili mbele yako

Usiridhike na "ni i7". Omba jina kamili, hadi herufi ya mwisho. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, na jina lote la prosesa litatokea pamoja na idadi ya viini vyake. Kwenye Mac liko kwenye menyu ya Apple, chini ya maelezo kuhusu kompyuta hiyo. Kwenye Linux andika lscpu. Kwa jina hilo utapata mwaka, viini na wati kwenye tovuti ya mtengenezaji wa prosesa, na hizo ni dakika tano zinazoweza kukuokoa na majuto ya miaka.

Tafuta majaribio ya laptopu yenyewe, modeli hiyohiyo, badala ya majaribio ya prosesa peke yake. Muuzaji akikuruhusu, washa jaribio la dakika 10 kwenye zote mbili zikiwa zimechomekwa kwenye umeme, uone alama ya mwisho, usikilize feni, uguse chini ya mashine. Tofauti ya alama ikiwa chini ya asilimia 10, iweke prosesa kando na uamue kwa vingine: kioo, kibodi, afya ya betri, na zaidi ya vyote RAM, kwa kuwa laptopu nyingi nyembamba za sasa zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na iliyopo siku ya kununua ndiyo utakayokaa nayo.